Kofia ya Ami Khelef na Kikapu Kilichokimbia

Raya anakaa juu kabisa.

Nyumba yao ina ngazi ndefu. Ngazi zimesimama wima, tena zina giza. Ukifika juu unahema: hee, hee, hee!

Nyumba hiyo ipo Unguja, katika Mji Mkongwe. Mkongwe maana yake mzee sana. Mji huu ni mzee kuliko Bibi. Ni mzee hata kuliko bibi yake Bibi!

Kuta za nyumba ni nene. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yalitoka baharini. Pale chokaa ilipobanduka, Raya hutia kidole, akapapasa vitundu vidogo vidogo.

"Bibi, ukuta wetu zamani ulikaa baharini?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Sasa unakaa na sisi."

Zamani za zamani, mji huu ulikuwa mji mkuu. Sultani alitoka Omani, mbali kule ng'ambo. Akaja Unguja, akapapenda. Basi akahamia, na mji huu ukawa makao yake.

Watu wakajenga nyumba ndefu. Wakazibananisha. Katikati wakaacha vichochoro vyembamba, ili jua kali lisipate pa kupita.

Nyumba ndefu ni nzuri. Lakini magoti ya Bibi hayapendi ngazi. Hayazipendi hata kidogo.

Basi Bibi ana kikapu.

Kikapu kina kamba ndefu. Asubuhi muuza mkate hupita chini. "Mkateee! Mkate wa motoo!" Kikapu kinateremka kutoka dirishani. Shuu, shuu, shuu. Mkate unaingia. Kikapu kinapanda. Shuu, shuu, shuu. Na magoti ya Bibi yamekaa zake kitako.

Majirani wengi wana vikapu. Hata Bi Mgeni, yule anayekaa mwisho wa kichochoro. Kikapu cha Bi Mgeni ni kikubwa, maana Bi Mgeni anapenda sana ndizi.

Kabla ya kuteremsha kikapu, lazima ukifunge kamba. Hiyo ni kazi ya Bibi. Bibi hufunga huku anasema:

"Zungusha.
Pitisha.
Kaza!"

Kazi ya Raya ni kuteremsha tu. Lakini Raya alitamani kufunga. Alitamani sana. Kila siku alisema, "Bibi, leo nifunge mimi?" Kila siku Bibi alisema, "Subiri kidogo, mwanangu."

Kusubiri kidogo ni kazi ngumu. Wewe mwenyewe unajua.

Siku moja ilikuwa siku ya harusi.

Anayeoa alikuwa Ami Khelef. Ami Khelef ni mdogo wake baba. Ni mrefu, ni mwembamba, na anacheka kwa sauti kubwa.

Bibi alimshonea kofia. Kofia nyeupe, ya kushona kwa mkono. Ina maua madogo madogo, na kila ua lina kitundu, na kila kitundu kimeshonwa kwa sindano. Bibi alishona masika yote. Alishona vuli yote.

Alipomaliza, Bibi akaweka sindano chini. Akafuta macho.

"Hii ndiyo kofia yangu ya mwisho," akasema. "Macho yamechoka. Siwezi kushona nyingine."

Akaitia kofia ndani ya kopo la biskuti. Kopo halikuwa na biskuti, limejaa nyuzi siku zote, na Raya alishalifungua mara nyingi kwa matumaini. Siku hiyo Bibi alitoa nyuzi zote. Akaweka kofia. Akafunga mfuniko. Tak!

Kopo likaingia ndani ya kikapu.

"Ami yako akija, niite," akasema Bibi. "Nisali kwanza."

Bibi akaenda chumbani kusali.

Mara, chini kichochoroni, sauti ikaita.

"Hodi huko juu! Raya! Teremsha kofia, mvua inakuja!"

Alikuwa Ami Khelef. Amevaa kanzu nyeupe pe! Juu, mawingu yalikuwa meusi. Tone moja likaanguka. Ti! Tone la pili. Ti!

Raya akamtazama Bibi. Bibi bado anasali.

Raya akaitazama kamba.

"Naweza," akajiambia.

Akazungusha. Akapitisha.

"Raya! Nitarowa!"

"Nakuja, Ami!"

Akateremsha kikapu. Shuu, shuu, shuu...

Je, alikaza?

Hakukaza.

Mvua ikamwagika. Shaaaa! Si mvua ya mchezo. Maji yakaja mbio kutoka juu ya mtaa, na kichochoro kikawa mto. Ami Khelef akarukia juu ya baraza, ameshika pindo la kanzu.

Kikapu kilikuwa bado kinaning'inia, hakijafika chini. Kamba ikalegea. Ikateleza. Ikafunguka.

Pwaa!

Kikapu kikaanguka majini. Hakikuzama. Kopo la biskuti lilikibeba, kikaelea. Kikageuka mara moja, kama kinaaga, kikaenda zake.

Chwaa, chwaa, chwaa.

"Kofia yangu!" akapiga kelele Ami Khelef.

Raya akabaki na kamba tupu mkononi. Moyo ukampiga, du, du, du. Bibi hawezi kushona nyingine. Bibi amesema mwenyewe.

Bibi akatoka chumbani. Akaona kamba. Akaona dirisha. Akaelewa.

"Shuka, umfuate Ami yako," akasema. "Lakini pita juu ya baraza. Usikanyage maji, Raya. Maji yanaficha mashimo."

Unazijua baraza za Mji Mkongwe? Ni viti virefu vya mawe. Vimejengwa nje ya nyumba, vimeshikana na ukuta. Jua likiwaka, watu hukaa hapo, wakacheza bao, wakapiga soga. Mvua ikinyesha, baraza ndiyo njia. Unapita juu, na miguu yako mikavu.

Raya akashuka ngazi. Ta, ta, ta, ta, ta! Akatoka. Ami Khelef akampa mkono.

"Twende!"

Baraza hii, baraza ile. Pu! Pu! Pu!

Maji chini yanakwenda. Chwaa, chwaa, chwaa.

Raya akaita:

"Kikapu, kikapu, nisubiri!
Kofia ya Ami, usende mbali!"

Kikapu hakikusubiri. Vikapu havina masikio.

Wakafika kwenye baraza ya Mzee Vuai. Mzee Vuai alikuwa mlangoni kwake, anasugua misumari ya shaba. Mlango wake ni mkubwa, umechongwa maua, na misumari yake ni minene, imechongoka.

Huwezi kupita kwenye baraza ya mtu bila kusalimia. Hata kama kofia yako inakwenda na maji.

"Shikamoo, Mzee Vuai!"

"Marahaba, wanangu. Lo! Bwana harusi, mbona unaruka kama chura?"

"Kofia imekwenda na maji, mzee!"

Lakini Mzee Vuai alishaanza. Mzee Vuai akianza, ameanza.

"Mnaiona misumari hii? Watu husema mtindo wake umetoka Bara Hindi. Huko, misumari ya namna hii iliwekwa ili tembo wasisukume mlango kwa kichwa."

Raya akasahau kikapu, kidogo tu.

"Hapa kwetu tembo wako wapi?"

"Hapa tembo hawapo," akasema Mzee Vuai. "Na mlango wangu haujasukumwa na tembo hata siku moja. Si unaona misumari inafanya kazi?"

Ami Khelef akacheka. Kisha akakumbuka. "Raya! Kikapu!"

Baraza hii, baraza ile. Pu! Pu! Pu!

"Kikapu, kikapu, nisubiri!
Kofia ya Ami, usende mbali!"

Kikapu kikapinda kona. Na wao wakapinda kona.

Kwenye baraza ya konani alikuwepo Shaame, muuza kahawa. Amejibanza chini ya paa na birika lake. Vikombe vyake vidogo vinalia. Kling, kling, kling.

"Salaam alaykum, Shaame!"

"Alaykum salaam, bwana harusi! Njoo unywe kahawa, miguu ipate nguvu."

"Siwezi! Kofia yangu inashuka!"

"Inashuka?" Shaame akatabasamu. "Umenikumbusha lifti."

"Lifti gani tena?" Ami Khelef akashika kichwa.

"Ile ya jumba la sultani, Beit-el-Ajaib. Ajaib ni maajabu, na kweli lilikuwa la maajabu! Zamani, miji mingi ilikuwa bado inawasha taa za mafuta. Jumba lile likawekwa taa za umeme. Tena likawekwa lifti. Chumba kidogo, unaingia, kinapanda juu. Watu wakashangaa!"

"Kama kikapu cha Bibi?" akauliza Raya.

"Kama kikapu cha Bibi, ila unaingia mwenyewe."

Raya akafikiri. "Nani alifunga fundo la lifti?"

"Sijui," akasema Shaame. "Lakini bila shaka alikaza."

Raya akamvuta Ami mkono.

Baraza hii, baraza ile. Pu! Pu! Pu!

Na ghafla, basi. Hakuna pu.

Baraza zilikwisha.

Mbele yao kichochoro kiliteremka, chembamba, bila baraza hata moja. Mwisho wake ni barabara. Ng'ambo ya barabara ni bahari. Na maji yote ya mtaa yalikuwa yanakwenda huko huko.

Kikapu kilikwama kidogo kwenye kizingiti cha mlango. Kikazunguka. Kikazunguka tena. Kikataka kuondoka.

Kilikuwa karibu. Lakini hakikufikika.

Ami Khelef akaitazama kanzu yake. Akayatazama maji machafu. Akashusha pumzi.

"Basi," akasema taratibu. "Nitaoa kichwa wazi."

Raya akaanza kulia.

"Ami, mimi ndiye niliyefunga. Nilizungusha, nikapitisha. Sikukaza."

Ami Khelef akachuchumaa juu ya baraza. Akamfuta machozi kwa ncha ya kanzu yake ya harusi.

"Na mimi ndiye niliyekuharakisha," akasema. "Kelele zilikuwa zangu."

Tone kubwa la maji likamwangukia Raya puani. Ti! Akatazama juu, aone limetoka wapi.

Juu, mbele kidogo ya kile kizingiti, kulikuwa na dirisha. Chini ya dirisha kulikuwa na kamba. Kwenye kamba kulikuwa na kikapu. Kikapu kikubwa, chenye ganda moja la ndizi.

"Bi Mgeni!" Raya akaita kwa nguvu zake zote. "Bi Mgeniii! Teremsha kikapu!"

Kichwa cha Bi Mgeni kikachomoza dirishani.

"Nani ananunua ndizi na mvua hii?"

"Si ndizi! Ni kofia ya Ami! Inakuja kwa maji! Ukilaze kikapu, Bi Mgeni! Kilale ubavu!"

Bi Mgeni hakuuliza tena. Akateremsha. Shuu, shuu, shuu. Kikapu kikubwa kikafika majini, kikalala ubavu, mdomo wazi.

Kikapu kidogo kikajinasua kwenye kizingiti. Kikaja. Chwaa, chwaa, chwaa.

Raya akashika mkono wa Ami kwa nguvu. Ami akashika mkono wa Raya kwa nguvu zaidi.

Sasa sikiliza. Kichochoro kile ni chembamba sana. Mtu mzima akinyoosha mikono, anagusa kuta zote mbili. Kikapu kidogo hakikuwa na pa kwenda. Si kushoto. Si kulia.

Kikaenda mbele tu.

Kikaingia. Tup!

Kikapu ndani ya kikapu!

"Vuta, Bi Mgeni! Vuta!"

Bi Mgeni akavuta. Shuu, shuu, shuu. Vikapu vikapanda, maji yanachuruzika. Fundo la Bi Mgeni likashika. Bi Mgeni akavivuta mpaka usawa wa baraza, akavisukasuka, na Ami Khelef, kwa mikono yake mirefu, akavidaka.

Lakini bado.

Kopo lilikuwa limerowa nje. Je, na ndani?

"Fungua wewe," akasema Ami. "Mimi naogopa."

Raya akashika mfuniko. Ulikuwa mgumu. Akauma midomo. Akavuta.

Tak!

Akatia mkono ndani. Taratibu. Akapapasa maua madogo. Akapapasa vitundu vidogo.

"Kavu," akanong'ona. Kisha akapiga kelele: "Ami, kavu! Kofia kavu!"

"Kavu!" akasema Ami Khelef.

"Kavu!" akasema Bi Mgeni dirishani.

"Wanasema kavu!" akaita Shaame kutoka konani.

"Nini kavu?" akauliza Mzee Vuai kutoka mbali, maana masikio yake nayo ni ya zamani.

Raya akashusha pumzi ndefu. Haaaa! Ilikuwa ndefu kuliko ngazi za nyumba yao. Akakaa kitako juu ya baraza, akacheka huku machozi bado yako mashavuni.

Mvua ikapungua. Ikawa matone. Ti. Ti. Kisha ikaacha.

Wakarudi. Baraza hii, baraza ile. Safari hii bila haraka.

Bibi alikuwa dirishani. Hakuwa ameondoka tangu walipotoka. Ami Khelef akasimama chini ya dirisha, akavaa kofia. Ikamkaa sawasawa. Akazunguka taratibu, ili Bibi aione yote.

Bibi hakuwahi kuiona kofia yake kutoka juu. Maua yote yalionekana, duara zuri, jeupe.

"Mashaallah," akasema Bibi. "Alhamdulillahi." Akafuta macho tena, lakini safari hii alikuwa anacheka.

Jioni, Ami Khelef akaenda msikitini kuoa. Kichwa chake hakikuwa wazi.

Raya akabaki na Bibi. Akakaa karibu naye mkekani.

"Bibi, sikukaza fundo."

"Najua, mwanangu. Niliona kamba."

"Umekasirika?"

"Niliogopa," akasema Bibi. "Sasa siogopi tena. Lete kamba."

Raya akaleta kamba. Akaleta kikapu. Bibi akamshika mikono, polepole.

"Zungusha.
Pitisha.
Kaza!"

Wakafungua. Wakafunga tena. Wakafungua. Wakafunga tena. Mara ya mwisho, Bibi alitoa mikono yake, na Raya alifunga peke yake.

Nje, maji ya mwisho yalikuwa yanapita kichochoroni. Chwaa.

"Bibi, maji yanakwenda wapi?"

"Baharini. Na zamani, bahari nayo ilikuja kwetu. Iliingia mpaka pale sokoni, Darajani. Ndiyo maana pakaitwa Darajani. Palikuwa na daraja, watu wanavuka."

"Daraja liko wapi sasa?"

"Halipo. Maji yalifukiwa, ikawa nchi kavu. Limebaki jina."

Raya akapiga miayo. Haaa-uuu.

Mara, chini kichochoroni, sauti ikaita.

"Hodi huko juu! Mke nimepata! Halua nimeleta! Teremsha kikapu!"

Raya akaruka. Akamtazama Bibi. Bibi alikuwa amejinyoosha mkekani, magoti yamepumzika.

"Bibi, utafunga?"

"Mimi?" Bibi akafumba macho. "Mimi nimechoka. Funga wewe."

Raya akashika kamba. Hakuharakisha.

Akazungusha.

Akapitisha.

Akakaza. Akakaza tena kidogo, kwa ajili ya Ami.

Kikapu kikashuka. Shuu, shuu, shuu. Halua ikaingia, nzito, nyekundu, bado ya moto. Kikapu kikapanda. Shuu, shuu, shuu. Raya alizuia pumzi mpaka kikapu kilipogusa dirisha.

Fundo lilishika.

Akageuka amwambie Bibi. Bibi hakuwa ameinuka hata kuangalia. Alikuwa amelala, anatabasamu, kwa sababu alijua.

Raya akala kipande kimoja cha halua. Sawa, vipande viwili. Akakitundika kikapu kwenye msumari wake, akamlalia Bibi ubavuni.

"Kikapu, kikapu, lala hapa," akanong'ona. "Usende mbali."

Na kikapu kikakaa pale pale mpaka asubuhi, mpaka muuza mkate alipopita.